Pikapu ya Kuvuta Trela Katangi: Nguvu, Breki na Gharama za Umiliki

Anayetafuta pikapu ya kuvuta trela huko Katangi hupata washauri wengi, na kila mmoja na lake. Wa kwanza atamwambia hakuna gari ila Land Cruiser. Wa pili ataapa kwamba Hilux haichoki. Wa tatu, aliyetazama video za Marekani, atamtajia Ford F-250 na Ram 2500, magari yanayovuta trela la farasi kumi bila kuhema. Fundi wa kuchomelea naye humhakikishia kwamba gari lolote litavuta trela lolote, mradi chuma cha kulifungia ni kinene.

Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini hakuna anayeanza na swali linalopaswa kutangulia: ni mzigo gani, una uzito gani, na utapita njia ipi? Asiyejibu hilo kabla ya kulipa anaweza kutumia akiba ya miaka mingi kununua gari lisilomfaa, au lililo hatari kwake na kwa wenzake barabarani. Uchambuzi huu unapima misimamo mikuu iliyopo, nguvu na udhaifu wa kila mmoja, kisha unatoa uamuzi.

Mzigo wa Katangi na njia zake

Katangi ni soko na wadi katika eneobunge la Yatta, Kaunti ya Machakos, kusini mwa barabara kuu ya Thika–Garissa. Ni nchi ya ukame. Mvua hunyesha misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa Ukambani huitegemea zaidi ile ya mwisho wa mwaka. Mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kutoa maji Mto Thika, hunyunyizia mashamba ya upande wa Kithimani na Matuu. Kwingineko maji husafirishwa: kwa punda, kwa mkokoteni, kwa bodaboda, na kwa mwenye uwezo, kwa gari.

Kwa hiyo maji ndiyo mzigo wa kwanza wa trela. Baada yake huja mchanga, kokoto, mawe na saruji za wajenzi, kisha ndengu, mbaazi na maembe wakati wa mavuno, na mifugo siku za soko.

Uzito wa vitu hivi hauhitaji mizani kubwa kuukadiria. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima kabla ya kuhesabu tangi na trela lenyewe. Mchanga wa mita moja ya ujazo una takriban tani 1.6, na ukiwa umelowa huzidi hapo. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja. Magunia 22 ya mahindi ya kilo 90 yanakaribia tani mbili. Ng'ombe wanne wa kilo 350 kila mmoja ni tani 1.4. Trela la chuma lenye ukubwa wa kubeba vitu hivyo huongeza kilo mia kadhaa.

Njia nazo ni za aina nyingi. Kuna lami, kuna murramu yenye mashimo, na kuna vijia vya mchanga vinavyoshuka hadi kwenye mito ya msimu. Mito hiyo hukaa mikavu kwa miezi, kisha hujaa kwa saa chache. Anayetoka Nairobi au Machakos na shehena hukutana pia na miinuko na miteremko mirefu. Gari la Katangi basi linatakiwa lipande, lishuke salama, na lipite mchangani bila kuzama. Kuvuta kwenye tambarare ya lami ndiyo kazi yake nyepesi kuliko zote.

Mkanganyiko ulikotoka

Chanzo cha kwanza ni picha za ng'ambo. Pikapu kubwa za Marekani zimeundwa kwa soko ambalo mafuta ni nafuu, barabara ni pana, na usukani uko kushoto. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu kusajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto. Hata mwenye fedha za kununua F-250 hawezi kuingia nayo bandarini Mombasa akatoka na nambari ya Kenya kama anayenunua Hilux. Mjadala wa magari hayo, kwa mkazi wa Katangi, unaishia hapo.

Chanzo cha pili ni tani 3.5. Matoleo yenye nguvu ya Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Land Cruiser ya mfululizo wa 70 hutangazwa katika masoko mengi kuwa yanaweza kuvuta hadi kilo 3,500. Wauzaji huitaja nambari hiyo peke yake, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba kila pikapu huvuta tani tatu u nusu juu ya mzigo wa bodi. Sivyo. Ni kiwango cha juu kabisa, cha baadhi ya matoleo tu, na kina masharti mawili mazito.

Sharti la kwanza ni breki. Kilo 3,500 ni za trela lenye breki zake lenyewe. Kwa trela lisilo na breki, kiwango kinachotolewa na watengenezaji kwa pikapu nyingi za aina hii ni kilo 750 pekee. Tangi la lita 1,000 kwenye trela lisilo na breki limeshavuka kiwango hicho, liwe limefungwa nyuma ya gari gani.

Sharti la pili ni uzito wa msafara mzima, yaani gari, trela, mizigo na watu kwa pamoja. Tuchukue gari ambalo msafara wake hautakiwi kuzidi kilo 6,000. Ukitoa trela la kilo 3,500, zinabaki 2,500. Pikapu ya kabini mbili ikiwa tupu, yenye mafuta, ina uzito wa karibu kilo 2,100. Zilizosalia ni kilo 400 za dereva, abiria na chochote kilicho kwenye bodi. Mtu anayejaza tani moja kwenye bodi na kuvuta tani 3.5 nyuma amezidisha kwa kilo 600.

Chanzo cha tatu ni imani kwamba springi ndiyo nguvu ya gari. Gari likiinama nyuma, huongezwa majani ya springi, nalo husimama wima. Hata hivyo ekseli ni ileile, breki ni zilezile, chesisi na beringi ni zilezile. Kilichobadilika ni dalili tu. Gari lililozidiwa sasa halionekani kuzidiwa, na dereva hana tena cha kumwonya.

Msimamo wa kwanza: Land Cruiser

Wanaoipendekeza Land Cruiser ya pikapu wana ushahidi wa miaka mingi. Polisi, hifadhi za wanyama na mashirika ya misaada wameitumia katika sehemu ngumu kabisa za Kenya, na huunganishwa hapa nchini, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, Mombasa. Chesisi yake ni nzito, ekseli zake ni imara, na giaboksi yake ya gia za chini hutambaa mchangani bila kuchoma klachi. Injini ya 1HZ, ya lita 4.2 na silinda sita, haina tabo wala kompyuta nyingi. Pampu yake ya mafuta huendeshwa kimekanika, na fundi wa soko dogo anaweza kuitengeneza.

Udhaifu wake haujulikani sana. Sifa ya 1HZ ni uvumilivu, si nguvu. Torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ni takriban nyutoni-mita 285, wakati Hilux ya lita 2.8 yenye tabo katika matoleo ya karibuni hufikia 500. Tena injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700. Ndiyo maana Land Cruiser ya zamani yenye trela zito hupanda polepole huku malori yakiipita. Inakunywa mafuta zaidi, na bei yake ikiwa mpya ni mamilioni kadhaa ya shilingi juu ya pikapu ya kawaida ya kabini moja. Kwa shirika linaloingia porini kila siku, gharama hiyo ina maana. Kwa mfanyabiashara anayepeleka maji na saruji kilomita 20 kutoka sokoni, ni vigumu kuirudisha.

Msimamo wa pili: Hilux, D-Max na zinazofanana nazo

Kundi hili ndilo linaloonekana zaidi Ukambani. D-Max huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyoitwa General Motors East Africa hadi GM ilipouza hisa zake mwaka 2017. Faida ya kundi hili ni vipuri na soko la kuuzia tena. Vipuri vya Hilux na D-Max hupatikana Machakos, Thika, na barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, vikiwa vipya na vilivyotumika. Siku ya kuuza, wanunuzi hawakosekani. Injini za kisasa zenye tabo zina torki kubwa kwenye mwendo wa chini, ambayo ndiyo trela linaitaka, na hula mafuta kidogo zinapokwenda tupu.

Udhaifu wake uko kwenye uchafu wa mafuta na joto. Nozeli na pampu za injini hizi hufanya kazi kwa shinikizo kubwa mno, na hazivumilii dizeli iliyochanganywa. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kukata tamaa ya kuyachanganya na dizeli. Kenya na majirani zake walihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua iliyosaidia injini mpya. Hata hivyo anayejaza mafuta kutoka kwenye madumu ya kando ya barabara anaihatarisha injini yake. Seti ya nozeli inaweza kumeza faida ya miezi.

Ndani ya kundi hili kuna chaguo tatu zinazobishaniwa. Kuhusu kabini, moja hushinda mbili kwa kazi: ni nyepesi, bodi yake ni ndefu, na uzito uliookolewa huhamia kwenye mzigo. Kabini mbili inafaa familia inayotaka gari moja kwa kila kitu. Kuhusu giaboksi, ya mkono ni nafuu kutengeneza mashambani, ingawa klachi huumia dereva asipojua kuondoka na mzigo. Ya otomatiki huondoka laini, lakini mafuta yake huchemka kwenye mwinuko mrefu na huhitaji kipoozaji chake. Kuhusu magurudumu manne, faida kubwa kwa anayevuta trela ni gia ya chini, inayoruhusu kuondoka mchangani au kupanda ukingo wa mto taratibu bila kuunguza klachi. Anayetumia lami na murramu nzuri pekee anaweza kuishi bila hiyo na akaokoa fedha nyingi. Anayeteremka mitoni afadhali ailipie.

Ford Ranger ina nguvu nyingi na hupendeza barabarani, na Mahindra huuzwa kwa bei ya chini zaidi. Mnunuzi wa mojawapo aulize kwanza nani atamhudumia miaka mitano ijayo. Wauzaji wakubwa nao huondoka: CMC Motors, jina la miongo mingi katika biashara ya magari na matrekta nchini, ilitangaza mwaka 2025 kwamba inafunga shughuli zake.

Msimamo wa tatu: kenta au trekta

Wapo wanaosema pikapu ya kuvuta trela ni gari lisilojua kazi yake. Kwa hoja yao, anayehitaji kubeba tani tatu kila siku anunue kenta. Hoja hii ina uzito. Lori dogo la Fuso au Isuzu hubeba tani tatu au nne juu ya ekseli zake lenyewe, breki zake zimeundwa kwa uzito huo, na halina trela la kuyumba nyuma. Kurudi nyuma katika ua mwembamba ni rahisi, na hakuna maunganisho ya kukatika njiani.

Udhaifu wake ni kwamba kenta ni lori saa zote. Ikienda kununua dawa ya ng'ombe au kumpeleka mgonjwa hospitalini, inakwenda na uzito na ulaji wake wote, na dereva wake anahitaji leseni ya daraja la juu zaidi. Pikapu ikifungua trela hubaki gari la nyumbani. Trekta la nguvu-farasi 75 na trela lake huvuta mzigo mzito kuliko pikapu yoyote mchangani, na hulima msimu wa mvua, lakini mwendo wake hauruhusu safari ya Nairobi. Kwa mkulima ambaye mizigo yake haitoki nje ya Yatta, trekta ni jibu zuri kuliko inavyodhaniwa.

Jipya au lililotumika

Kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakiruhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Mwaka 2025, kwa mfano, mwisho ulikuwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2018. Matokeo yake ni kwamba pikapu za zamani zenye injini rahisi haziingii tena kutoka nje. Hupatikana humu nchini tu, nyingi zikitoka kwenye minada ya serikali, mashirika na kampuni.

Gari la mnada linaweza kuwa bahati au balaa. Lililotumiwa na shirika lenye rekodi za huduma lina historia inayosomeka. Lililotoka kwenye ujenzi laweza kuwa na chesisi iliyopasuka na kuchomelewa. Kwa gari la kuvuta, sehemu za kukagua ni chesisi mahali chuma cha trela kilipofungwa, difu ya nyuma, klachi, na mfumo wa kupooza injini. Rangi inayong'aa na viti vipya havivuti kitu.

Trela lenyewe

Hapa ndipo fedha huokolewa pasipostahili. Matrela mengi ya vijijini hutengenezwa na mafundi wa jua kali kwa ekseli ya gari kuukuu, bila breki, bila taa zinazowaka. Kazi yao ya kuchomelea mara nyingi ni nzuri, kasoro iko kwenye wanachoagizwa. Mteja huomba trela la bei ya chini, na breki ndizo huondolewa kwanza.

Nishati inayopaswa kuondolewa ili kusimamisha msafara huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 kwa saa ni mara nne ya ile ya kilomita 40. Pikapu yenye trela la tani mbili lisilo na breki inatakiwa kusimamisha tani nne kwa breki zilizoundwa kwa karibu tatu. Kwenye mteremko breki huchemka na kukosa kushika, na trela huisukuma pikapu kutoka nyuma. Breki za trela, ziwe za kusukumwa na uzito au za umeme, hugharimu sehemu ndogo ya bei ya gari.

Upangaji wa mzigo nao una kanuni. Takriban asilimia 10 ya uzito wa trela ikae juu ya chuma cha kufungia. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli, trela huinua mkia wa pikapu na kuanza kuyumba mwendo unapozidi. Tangi la maji ama lijae ama liwe na vizuizi ndani, kwa sababu maji yanayocheza husukuma msafara kila kona.

Na mto ukijaa, nguvu ya gari haina maana. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lilizama katika Mto Enziu, Kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa. Lilikuwa zito kuliko pikapu na trela kwa pamoja.

Gharama baada ya kununua

Bei ya kununua ni mwanzo tu. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei za mafuta katikati ya kila mwezi, na mnamo Oktoba 2023 dizeli ilifika shilingi 205.47 kwa lita jijini Nairobi. Kuvuta trela zito kunaweza kuongeza ulaji kwa nusu au zaidi. Anayepiga hesabu ya biashara kwa ulaji wa gari tupu amejidanganya tangu mwanzo.

Pikapu ni gari la biashara kisheria. Hukaguliwa kila mwaka, na hulipiwa kodi ya mapema ya mamlaka ya mapato, KRA, ambayo tangu Sheria ya Fedha ya 2023 ni shilingi 2,500 kwa tani ya mzigo au 5,000 kwa mwaka, ipi iliyo kubwa. Trela nalo lina usajili na nambari yake, inayoanza kwa herufi Z, na lazima liwe na taa na viakisi mwanga. Bima ihakikishwe kwa maandishi kwamba inalihusu trela pia, na leseni ya dereva ilingane na uzito wa msafara. Matairi, klachi, breki na mafuta ya difu ya gari linalovuta huisha mapema kuliko ratiba ya kitabu, na huduma ifanywe mapema vilevile.

Mizani ya misimamo yote

Land Cruiser hushinda kwa uvumilivu, hushindwa kwa bei na ulaji. Hilux na D-Max hushinda kwa vipuri, soko na nguvu, hushindwa pale mafuta yanapokuwa machafu au mzigo ukizidishwa. Kenta hushinda kwa tani, hushindwa kwa matumizi ya nyumbani. Trekta hushinda karibu na shamba, hushindwa mbali nalo.

Kwa mkazi wa Katangi ambaye mizigo yake ni tani moja hadi mbili, mara chache kwa wiki, jibu bora ni pikapu ya dizeli ya kabini moja kutoka kundi la Hilux na D-Max, yenye gia ya chini ikiwa njia yake inapita mitoni, pamoja na trela lenye breki lisilozidi tani mbili likiwa na mzigo. Anayebeba tani tatu kila siku anunue kenta, asiitese pikapu. Ambaye mizigo yake haitoki shambani afikirie trekta. Ambaye anahitaji trela mara tano kwa mwaka akodi, au anunue na wenzake kupitia chama.

Na ikiwa fedha hazitoshi vyote viwili, gari lenye nguvu zaidi na trela lenye breki, achague gari dogo na trela lenye breki. Wanaopita barabarani, watoto wa shule wakiwemo, hawana namna ya kujua kama trela linaloteremka kuelekea kwao linaweza kusimama. Mwenye gari anajua, na jukumu hilo ni lake.